Uwanja wa Makongeni, Nusu kwa Nusu

Nusu ya kule, upande wa reli,
Mutinda aliipulizia dawa mwezi wa tatu.
Ndago zikageuka rangi ya chai, akatamba.
Nusu ya huku niling'oa mwenyewe,
kwa kisu butu, magoti juu ya gunia,
nikihesabu shanga za ndago ndani ya kopo la rangi:
mia nne na kitu, kisha mvua ikanifukuza.

Mvua hiyo ndiyo iliyoamua.
Kwake: kipara, na katikati ya kipara
ndago tena, changa, zinang'aa kana kwamba hazikuwahi kufa.
Kwangu ukoka umetambaa, unashonashona udongo,
ila mbigili mbili tatu zilinipita,
na Jumamosi beki wa kushoto akaketi chini,
soksi mkononi, akilitaja jina langu vibaya.

Tumebishana hadi uji ukapoa.
Dawa. Mikono. Gharama ya dawa. Mgongo wangu.

Mbele ya lango hapana nyasi wala gugu,
ni vumbi tu la visigino.
Achola, kipa, miaka tisa, pekupeku,
amechora mstari wake kwa kidole
na anatuambia tusogee.