Jina la Mteja

Jumamosi, Tandika, saa mbili na nusu.
Meza tumeazima shule ya msingi, mguu mmoja mfupi,
viti tumekodi kwa mwenye maturubai,
vimetoka msibani jana, bado vinanukia ubani.
Bango tumelifunga kwa kamba ya katani:
MSAADA WA SHERIA. BURE.
Hilo neno la mwisho ndilo lililowaamsha watu.

Mimi nimevaa tai.
Nimekesha na vifungu,
nimevipanga kichwani kama masufuria dukani,
vyote vinang'aa,
hakuna hata kimoja kilichowahi kuinjikwa.

Wa tisa kwenye foleni, mama wa kanga iliyopauka,
bahasha ya kaki kaibana kwapani.
Nikafungua fomu.
Jina la mteja?
"Sikujua."
Hukujua nini, mama?
"Sikujua."
Nikashika kalamu, nikaandika: Hajui.

Foleni ikaangua kicheko.
"Ndilo jina lake, wakili! Sikujua binti Mwinshehe!
Babake ndiye aliyempa,
hakujua kama mkewe angeinuka na uzazi ule."

Mwalimu Kokutona hakucheka.

Bahasha ikafunguliwa.
Karatasi moja, mistari kumi na miwili,
na chini kabisa dole gumba la zambarau,
limekodoa kama jicho la samaki wa juzi.
Siku ya tatu ya matanga shemeji alipita jikoni,
akasema hii ni orodha ya rambirambi,
weka dole hapa, tujue nani katoa nini.
Akaweka. Mkono ulikuwa na unga,
watu sitini nje wanasubiri ugali.
Arobaini haijafika, akaja mtu na futi
akapima uwanja, kutoka chooni mpaka kizingitini,
akamwomba asogeze ndoo.

Darasani nilifundishwa sentensi fupi kama kofi:
kutojua sheria si utetezi.
Kwenye mtihani ilinipa alama zote.
Sasa imekaa mbele yangu kwenye kiti cha plastiki,
inajifuta jasho kwa pindo la kanga,
inauliza nauli ya kwenda baraza la ardhi ni ya nani.

Nikaandika kiapo, kurasa nne.
"Kwa kuwa" kumi na moja, "hivyo basi" sikuzihesabu.
Mwalimu akapitisha kalamu nyekundu
kama mtu anayeparua magamba.
"Anayesema humu ni nani, wewe au yeye?
Andika alichokuambia. Unga umeuacha wapi?"
Ikabaki kurasa moja na nusu.
Aya ya sita: Kwamba siku hiyo mkono wangu ulikuwa na unga.

Kwa mchapaji umeme ukakatika mara mbili.
Shukurani akamulika kwa simu yake,
mwenye duka akadai mia tano ya karatasi iliyokwama.

Mbele ya kamishna wa viapo, kidau cha wino kikafunuliwa.
Sikujua akakunja ngumi, dole kalificha ndani.
"Soma."
Nikasoma.
"Soma tena, polepole, hapo penye mpaka."
Nikasoma.
"Si ukuta. Ni michongoma. Ukuta kajenga yeye, juzi."
Nikasahihisha. Kamishna akatazama saa.
"Haya, toka mwanzo."
Mara ya tatu ndipo dole lilipotoka,
likatua pale penye nafasi yake,
na yeye mwenyewe akalipuliza likauke.

Shauri limeahirishwa mara mbili.
Mjumbe mmoja aliugua, kisha jalada halikuonekana.
Alama zangu za mafunzo kwa vitendo zimeshatoka,
sikuona mahali palipoandikwa Sikujua.

Ila ile fomu ya kwanza ingalipo kwenye sanduku letu.
Nilikwenda na wino mweupe niifute,
Mwalimu akanishika kiwiko.
"Iache. Hicho ni kielelezo."

Jina la mteja: Hajui.
Sahihi ya mwanafunzi: yangu,
imeandikwa vizuri sana, na mkia wa mapambo.