Shavu la Mfalme

Ghorofani kwa Bwana Pargeter, London, juu ya duka la mishumaa,
tulikuwa saba mezani, kila mtu na rangi yake.
Dorcas, manjano. Pacha wa Quill, buluu na kijani.
Mimi nilikuwa nyekundu.

Picha ilitufikia nyeusi tupu, mistari ya shaba,
ndefu kupita mikono yangu miwili ikinyooshwa:
gari la mfalme katikati, mbele farasi wanane,
nyuma askari, maaskofu, mabibi wenye manyoya vichwani,
na pembeni umati, vichwa vidogo
kama pilipili manga iliyomwagika.

Dorcas alilamba brashi, akalipaka gari dhahabu
isiyokuwa dhahabu,
akanisukumia. Nami: makoti. Magurudumu. Hatamu.
Farasi hatukuwagusa. Weupe wao
ni karatasi yenyewe, iliyoachwa.
Ndio pekee hapa wasiodanganya, alisema Dorcas,
na meno yake yalikuwa ya manjano.

Mwisho kabisa, shavu la mfalme.
Nyekundu niliyoikondesha kwa maji
mpaka ikakaribia kutokuwepo,
tone moja, kwa ncha ya unywele.
Likizidi, mfalme ni mlevi.
Likipungua, mfalme ni maiti.
Nilimfanya mzima mara mia nne kwa siku,
kwa peni nne kila mia.

Na hapo alikuwa bado hajatawazwa. Zilibaki wiki tatu.
Mchongaji hakuwa ameona kitu; magurudumu
aliyaazima kwa msafara wa mfalme aliyekufa,
jua alilitoa kichwani mwake,
umati akauamuru ufurahi, ukafurahi.

Siku yenyewe mizinga ilitikisa vikombe vyetu vya rangi.
Hatukutoka. Zilitakiwa mia sita kabla ya giza,
watu watakaporudi na kiu ya kumbukumbu.
Mvua ilipiga madirisha tangu alfajiri.
Tuliuanika msafara kwenye kamba juu ya vichwa vyetu,
na kila mlango ulipofunguliwa
farasi walitembea kidogo.

Jioni akaingia mtu, ameloa hadi soksi.
Akaitazama picha, akacheka. Jua!
Mimi nilikuwepo, akasema. Farasi wa tatu alichechemea.
Vioo vya gari viliingia ukungu.
Nilichokiona ni glavu moja,
ikifuta kioo kutoka ndani.
Akalipa hata hivyo. Akaomba ikunjwe vizuri, isilowe.

Usiku, karatasi ya mwisho, vidole vimekufa ganzi,
nilifika shavuni, nikasita.
Glavu ile. Alifuta ili aone, au ili aonekane?
Sijui mpaka leo.
Nikamwacha mweupe, kama farasi.

Lakini tone lilikuwa tayari kwenye brashi,
na tone halirudi kikombeni.
Nikapekua umati, nikampata mwanamke wa mistari miwili,
mchongaji hakumpa hata macho.
Nikamwekea yeye.

Bwana Pargeter alihesabu mia sita bila kutazama.
Iliuzwa pamoja na nyingine. Iko mahali,
juu ya meko ya mtu, inashika masizi:
maiti anapita ndani ya dhahabu ya Dorcas,
na mwanamke mmoja, shavu jekundu kwa baridi,
amesimama kwenye jua ambalo halikuwako.