Ungo Ukutani

Nilianza na rangi.
Fundi Selebwa akauliza: nyeupe?
Nikamwambia hapana, nataka ukuta wa udongo,
ule wa nyumba ya bibi kule Kisarawe
uliokandikwa upya kila Ramadhani ikikaribia.
Akacheka. Akachanganya ndoo tatu, akanipaka kiganjani nichague,
na mimi, ghorofa ya nne, Tabata, maji yamekatika siku ya pili,
nikachagua rangi ya kichuguu kilichonyeshewa.

Makochi nikampa shemeji.
Kabati la vioo, lile la vikombe visivyonywewa chai,
likashuka ngazi kwa watu wanne na matusi ya chini chini.
Mahali pake nikaweka kinu,
na ndani ya kinu mashuke makavu ya matete.
Mkeka wa ukindu, miraba ya zambarau na kijani,
nikautundika kwa misumari minne.
Kanga nikaikata mito; mkasi ukapita katikati ya jina,
mto mmoja ukasema MGENI NJOO MWENY,
wa pili EJI APONE.
Kata ya kifuu. Kawa mbili.
Mbuzi ya nazi, meno nimeyapiga msasa
yasije yakamkwaruza mtoto.
Na juu kabisa, pale palipokuwa na televisheni, ungo.

Jumamosi mama akaja kutoka Bungoni,
Bi Siwatu, na mchele kilo tano kwenye mfuko wa rambo.
Akapiga hodi, akaingia, akanyamaza.
Alitazama ukuta mmoja mmoja
kama mtu anayekagua chumba cha kupanga.
"Jiko mmelihamishia huku?"

Mama, nikasema, hii ndiyo asili yetu.
Nilijisikia mwenyewe: sauti ya mtembeza wageni.

Akapitisha kidole gumba kwenye mbuzi.
"Kibogoyo huyu. Nani kamng'oa?"
Akachungulia kinuni. "Na mtwangio?"
Mtwangio haukuwapo. Muuzaji hakunipa,
wala mimi sikuuliza.

"Asili yangu mimi ni vitambaa," akasema.
"Nilifuma kumi na viwili, vyeupe, pindo la waridi,
kwa taa ya chemli, wewe ukinipiga mateke tumboni,
baba yako analipia makochi kidogo kidogo.
Viko wapi?"

Viko kwa shemeji, vimekwenda na makochi.
Nikauliza kama atakunywa maji.

Hakunywa. Akapanda kigoda
(kigoda cha kutazamwa, nikafumba macho; kikahimili)
akashusha ungo, akaupiga kofi kutoa vumbi,
akamimina mchele, akaketi sakafuni, miguu ameinyoosha,
akapepeta.

Sijui nilikuwa nimeisahau wapi sauti ile.
Mchele unapanda pamoja, unashuka pamoja,
na pumba zinabaki hewani zinajifikiria,
kisha feni inazichukua,
zulia jipya, nywele zangu, kichuguu changu cha ukutani.
Nilitaka kusema, mama, zulia.
Alinisogezea fungu la mchele. "Toa mawe."
Nikakaa chini nikatoa mawe,
na Kibwana alipotoka chumbani kuuliza kuna nini
akakabidhiwa chuya.

Baada ya kula aliikuta mito, akaibandika ubavu kwa ubavu,
akaisoma taratibu kama anayesoma risiti,
mweny... eji... apone,
akacheka hata akafuta macho kwa ncha ya mtandio.
Ungo aliurudisha mwenyewe. Umekaa upande.
Chini yake ukuta una unga mweupe, upana wa mkono,
sijaufuta.

Jumatatu nikaenda Mwenge.
Kijana akaegemeza mitwangio miwili mbele yangu.
"Wa pambo, dada, au wa kazi?"
Wa pambo umepakwa vanishi, mwepesi, unang'aa kama viatu vya bwana harusi.
Nikaunyanyua ule mwingine, mikono yote miwili.
"Huu," nikasema. "Na tupa, kama unayo,
ya kunolea mbuzi."