Asili ya Neno Kwirizi

Kurasa za nyuma za daftari la chama cha msingi,
baada ya kilo za korosho na madeni ya salfa,
ndipo tulipoanzisha nchi yetu, mimi na kaka Mfaume.
Watu wake hawana miguu.
Ndiyo maana lugha yao haina neno la njia.

Hufwe: ukungu wa Newala alfajiri.
Asili yake mama, akipuliza chai.
Kunakanga: kuiba kwa kalamu.
Asili: karani wa mizani. Jina lake sitalitaja.
Kwirizi: maji yanakuja.
Asili: baiskeli ya baba, cheni kavu,
madumu manne, mlima wote kutoka bondeni,
nasi mlangoni na vikombe, tukilisikia neno
kabla hatujaiona baiskeli.

Juzi bomba la mtaani lilikoroma,
mtoto nisiyemjua akapiga kelele: Kwirizi!
Ndoo zikatoka kila nyumba.

Mwalimu Chihipu, nyuma yangu kwenye foleni,
akanieleza kwa upole kuwa hicho ni Kimakonde cha kale,
kilivuka Ruvuma pamoja na mababu.
Nikaitikia. Hata zamu yangu nikamwachia.

Mfaume alipenda kusema
neno lisilosingiziwa ukoo bado ni kichanga.
Usiku nikatafuta kalamu,
nikaongeza chini ya mwandiko wake:
"Asili nyingine: ng'ambo ya Ruvuma."

Nikatafuta na neno la marehemu.
Hatukulitunga.
Wino ulikuwepo bado; nikafunga daftari.