Nusu

Daktari hakumwahidi Veikko muujiza.
"Nusu," alisema. "Tukipata nusu, tutashukuru."
Nyaya mbili, nyembamba kama uzi wa cherehani,
zikapenya mgongoni;
betri ikabaki nje, imebanwa kiunoni kwa plasta.
Siku saba za kujaribu: usiiname, usioge,
usinyooshe mkono kwenye rafu ya kahawa.

Kwanza mtekenyo,
sisimizi wanahama nyonga kwenda kisigino.
Maumivu hayakuondoka.
Yalihamia chumba cha pili, yakarudisha mlango;
usiku aliyasikia yakikohoa.

Siku ya tano, theluji ya Kemi imeziba dirisha,
Veikko akamenya viazi amesimama.
Kumi na kimoja. Sufuria nzima.

Nyuma yake Raili, ameshika kiti,
amesahau kukiweka chini.