Mchanga wa Watu

Hema tulilinunua Ilala, kwenye rundo la mapazia,
elfu thelathini na tano, baada ya kubishana hadi aibu.
Kwa ndani, karibu na zipu, mtu kaandika kwa wino
jina lisilosomeka, na mwaka: 1998.
Sikudhani akasema, hii ni nyumba ya watu.
Nikasema, ilikuwa.

Tukavuka daraja Ijumaa, saa mbili asubuhi,
na kirikuu chetu kinachoikataa gia ya nne
kama mtoto anavyokataa dawa:
unaitia, kinaitema.
Basi tukaenda kwa ya tatu, Kibada, Mwasonga,
malori ya saruji yakitupita na vumbi lao na honi zao,
kisha kuku mmoja akatupita
(hapo nimekuza, lakini kidogo).
Kituo penye kivuli. Kituo penye mihogo ya kuchoma.
Kituo kwa sababu Sikudhani kataka kutazama
tairi lililopandwa maua mbele ya genge la mtu.
Miaka thelathini na moja niliendesha winchi bandarini,
nikihesabiwa makontena kwa saa.
Sasa sijui nani ananihesabia.
Mkono wa kulia bado unavuta kitu kisichokuwepo.

Ukishaipita Kimbiji, lami inakwisha bila kuaga.
Pwani ya huko ni kavu: matumbawe yaliyokufa na bado yanakata,
majani yanayotambaa kama yanamkwepa mtu,
na kuta.
Kuta za matofali zimezungushia utupu,
na kila ukuta, kwa rangi nyekundu:
KIWANJA HIKI HAKIUZWI.
Kilomita nzima ya kutouzwa.
Kuta zilipoishia tukapata mchanga usio na mwenyewe,
au mwenyewe alikosa hela ya rangi.

Tukiwa tunapigana na fito za hema
akaja mlinzi, kijana, kavaa koti la mvua jua likiwaka.
Ndalahwa, wa Magu. Mwaka wa pili huu
analinda ukuta wa tajiri anayemjua kwa sauti tu.
Akatuzunguka kimya, kisha akauliza,
kwa upole wa mtu anayemwamkia mgonjwa:
"Mzee, mmefukuzwa?"
"Hapana. Tumekuja kulala."
"Kwani nyumba hamna?"
"Ipo, Tandika. Vyumba vitatu, na feni."
Alicheka mpaka akakaa chini.
Halafu akaenda, akarudi na nyundo na dumu la maji,
akazipigilia mambo zote kumi
huku akitikisa kichwa kila ya pili.

Jioni Sikudhani alipapasa mfuko wa hema
atafute pa kuweka miwani.
Akatoa mchanga.
Si wa hapa. Mwekundu, laini,
kama binzari iliyosagwa mara mbili,
na ndani yake kombe moja jeusi, dogo kama ukucha.
Tukaelewa: nyumba hii imeshawahi kulala pwani nyingine,
mahali jangwa linapoishia baharini
na mvua ni habari ya kusimuliwa na babu.
Watu wawili pengine, na gari lenye gia zake zote,
pengine nao waligombana ni nani kasahau kiberiti.
(Ni mimi. Tuliazima kwa Ndalahwa.)

Nikataka kuukung'uta nje.
Sikudhani akanishika mkono, ule wa winchi.
"Uache. Umesafiri kuliko wewe."

Zipu haikufunga hata kidogo.
Kwa upenyo ule niliona meli, mbali, taa zimewaka,
zimetia nanga zikisubiri zamu ya kuingia
kwenye gati ambalo asubuhi
mwingine atapanda ngazi zangu sabini na mbili.
Nikazihesabu: kumi na nne.
Nikarudia: kumi na tatu.
Mara ya tatu Sikudhani alikuwa anakoroma,
na mchanga, sijui upi, ulikuwa umeningia sikioni.
Sikuhesabu tena.