Mavi ya Kale

Ilianza na jino.
Gego moja bovu, la kulia,
na daktari wa meno akamwandikia Hilja vidonge vya siku saba.
Akavimeza vyote, hakusaza hata kimoja.
Jino likanyamaza.
Tumbo likaamka.

Mimi hupokea vikopo, maabara ya chini ya ardhi, Tartu,
dirisha langu li usawa wa viatu vya wapitao kwenye theluji.
Mume wangu keshajifunza kutouliza siku yangu ilikuwaje.
Kikopo cha Hilja nilikijua kabla sijasoma jina:
zizi la farasi, utamu kidogo kwa mbali.

Vile vidonge viliingia kama askari wageni wa mtaa,
wakamuua mwizi, na muuza maziwa, na mkunga,
na fundi viatu aliyekuwa amelala.
Paka akiondoka, panya hutawala:
mmoja alikuwa amejikunja ndani ya ganda lake,
mbegu kavu, miezi mingapi sijui.
Akasikia kimya. Akatoka.

Dawa ya pili ilimtuliza Hilja wiki tatu.
Akarudi.
Dawa ya tatu, ghali zaidi, wiki mbili.
Akarudi, kilo arobaini na tatu.
Alimwambia muuguzi: "Kitandani hadi chooni ni hatua kumi na moja.
Jana usiku ziliongezeka."
Muuguzi akaenda kunawa kwa sabuni, akasugua hadi viwiko,
maana ile spiriti ya ukutani, kwa mbegu hizi, ni manyunyu tu.

Ndipo utafiti ukamfikia, na Taavet, dereva wa basi.
Walijitolea watu hamsini na sita, wakafaulu wawili.
Kila alfajiri kabla ya zamu huniletea mzigo wake, ungali na joto,
kauficha kwenye mfuko wa duka la mikate.
Tunasalimiana, kila mtu akitazama ukuta wake.
Nauchanganya, nauchuja, naugandisha,
digrii themanini chini ya sifuri.
Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki.
Hawakuwahi kufungua friji yangu, lakini walipatia:
mavi ya mwezi jana ni jiwe la kahawia,
halina ugomvi na mtu.

Nusu ya wagonjwa wapewe jiwe, likishayeyuka.
Nusu wapewe maji ya chumvi yaliyotiwa rangi.
Asijue Hilja, asijue daktari, nisijue mimi.
Kompyuta ikapiga kura, ikafunga mdomo.

Hilja akapona.
Siku ya nne alikula kiazi. Siku ya kumi akadai siagi.
Machi akashuka ngazi zote hadi kwangu, akihema,
na soksi za sufu, nyekundu kwa nyeusi, nyota kifundoni.
"Mpe yule. Jina lake silitaki.
Mwambie nimehamiwa na ukoo wake mzima,
na tunaelewana."

Juni tulifungua bahasha.
Waliopewa jiwe, wengi walipona.
Waliopewa chumvi, wachache.
Endel wa chumba cha pili, aliyekuwa akipiga mluzi, alipewa jiwe;
alizikwa Aprili.
Hilja: chumvi.

Niliusoma mstari ule mara tatu,
kidole juu ya karatasi, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Hesabu ilikuwa sawa. Hesabu husema wengi,
haisemi nani.

Soksi zilikaa kwenye droo yangu wiki nzima.
Hilja hajauliza, nami sijapanda ngazi.
Kisha asubuhi moja Taavet akaja, mfuko wa mikate mkononi,
mvua imemwingia viatuni, anaacha nyayo sakafuni mwangu.
Nikampa.
"Za nani?"
"Zimetoka kwa mtu aliyepona."
Akazivaa pale pale, kaegemea friji,
akachungulia zile nyota, akacheka peke yake.
Dakika tano baadaye nikasikia basi likiwaka,
na dirishani yakapita magurudumu.